Sakafu ya mjusi chui: ushauri wa fundi vigae

Kazi yangu ni kutandaza vigae. Nilianzia Tanga, nikaendelea Dar es Salaam, na sasa ni mwaka wa 11 nafanya mabafu na majiko ya watu hapa Leicester, Uingereza. Binti yangu alipotuomba mjusi, nilikagua tangi, nikakagua kufuli, nikakagua waya za umeme. Sakafu sikuiuliza, na sakafu ndiyo iliyotaka kumuua.

Mjusi mwenyewe ni yule anayeuzwa kwenye maduka ya wanyama kwa jina la leopard gecko. Sisi nyumbani tunamwita mjusi chui kwa ajili ya madoa yake. Wa kwetu jina lake Bizari, maana ni wa manjano kuanzia pua hadi mkia. Asili yao ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India. Wakitunzwa vizuri wanaishi miaka 15, 20, wengine zaidi.

Usimfananishe na mjusi kafiri wa darini kwenu. Mjusi kafiri ana vidole vya kunata, ndiyo maana ukuta kwake ni barabara. Mjusi chui ana kucha tu, kioo hakipandi. Maisha yake yote yanapita sakafuni: hapo anatembea, hapo analalia tumbo kupata joto, na hapo kinywa chake kinagusa kila anapodaka mdudu. Kwa hiyo tandiko la tangi lisichaguliwe kwa rangi.

Watu wengi wakisikia anatoka nchi kavu wanafikiria vilima vya mchanga. Kwao si hivyo. Kwao ni udongo mgumu uliokauka, mawe, kokoto, nyasi chache, na nyufa chini ya miamba ambamo anajificha mchana kutwa. Mchanga upo, lakini kidogo, umechanganyika na udongo uliogandamana. Mimi nikitaka kupata picha ya mahali hapo kichwani nakumbuka uwanja wa bibi yangu kule Muheza wakati wa kiangazi: umekanyagwa na kufagiliwa hadi ukipiga kisigino unalia.

Ilivyotokea kwetu

Ilikuwa Novemba 2021. Dukani tuliuziwa tangi, mkeka wa joto, na mfuko wa mchanga wa rangi ya chungwa. Maandishi ya mfuko yalisema ni mchanga wa kalsiamu, mjusi akiumeza unayeyuka tumboni na kumpa madini. Nikaumimina wote, kina cha vidole vinne. Ulipendeza kweli.

Wiki ya tatu binti yangu akaniambia, "Baba, Bizari hajaenda choo tangu Jumapili ile." Nikamchukua, nikamgeuza kiganjani. Ngozi ya tumbo la mjusi chui ni nyembamba, karibu uone vilivyomo. Palikuwa na kivuli cha buluu iliyokolea, ukubwa wa punje ya kunde, na nilipopitisha kidole kwa wepesi nikakuta kigumu. Chakula alishakataa siku nne. Nilipomrudisha chini, miguu ya nyuma ilikuwa inaburuzika.

Daktari wa wanyama alimpiga eksirei. Utumbo ulionekana mweupe kama bomba lililojaa saruji. Akatueleza kwamba mchanga ule ni kalsiamu kabonati, na mjusi mwenye upungufu wa kalsiamu huulamba makusudi. Ukilowa tumboni unashikana. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: uso wa sakafu una joto gani? Sikujua. Nilipopima usiku ule nikakuta nyuzi 25 tu, kwa sababu mkeka wa joto ulikuwa umefukiwa chini ya vidole vinne vya mchanga. Mjusi hatengenezi joto lake. Sakafu ikiwa baridi, utumbo nao unalegea, na kilichoingia hakisukumwi. Na unga wa kalsiamu hatukuwa tunampa, tukiamini mchanga unatosha. Mambo matatu yalikutana ndani ya mnyama wa gramu 30.

Alipona. Zilipita siku sita za dawa, maji ya kudungwa chini ya ngozi na kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu, hadi kile kibonge kikatoka. Binti yangu alilia, na mimi machozi yalinilengalenga. Tangu hapo nimeishughulikia sakafu ya Bizari kama kazi ya mteja anayelipa, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Kabla hujanunua tandiko lolote

Nunua kipimajoto cha bunduki, kile unachoelekeza na kusoma joto la uso. Upande wa joto, uso wa sakafu uwe nyuzi 32 hadi 34. Upande wa pili uwe 22 hadi 25, ili ajichagulie mwenyewe. Mkeka wa joto au taa, vyote viunganishwe na themostati, kile kifaa kinachopunguza au kuzima joto likifika kiwango ulichopanga. Mkeka usio na themostati unaweza kupanda hadi ukamuunguza tumbo, naye hatahama mapema kama unavyodhani. Wadudu unaompa, iwe chenene, mende wa dubia au funza wa unga, wapakwe unga wa kalsiamu, na kisahani kidogo cha unga huohuo kikae kwenye kona. Maji safi kila siku.

Nasisitiza kwa sababu watu hubishana kuhusu mchanga na udongo usiku kucha huku tangi lina baridi. Mjusi mzima mwenye afya, joto na kalsiamu yake akimeza chembe mbili tatu za udongo, huzitoa. Aliye dhaifu huziba. Kwa hiyo swali la kwanza ni mjusi wako yuko katika hali gani, ndipo uulize utandike nini.

Karatasi kwanza

Mjusi aliyeingia nyumbani leo, mjusi chini ya miezi sita, mjusi mgonjwa, mjusi aliyekonda mkia (maana mafuta yao huyahifadhi mkiani): wote hao ni karatasi za jikoni, zile nyeupe zisizo na manukato. Tandika mbili tatu, kunja kingo ili wadudu wasijifiche chini. Si nzuri kwa macho, lakini unaona kila kitu. Unaona kinyesi kimetoka au hakikutoka, ni kigumu au ni maji, kina ile sehemu nyeupe ya mkojo wao au hakina. Unaweza hata kukifunga ukampelekea daktari apime minyoo. Bizari alikaa kwenye karatasi miezi miwili baada ya ugonjwa, na ningekuwa na akili ya sasa angeanzia hapo.

Vigae

Baada ya karatasi nilimwekea ninachokijua. Hata leo mzazi mwenzangu akiniuliza sakafu ya kuanzia kwa mtoto wa shule atakayesafisha mwenyewe, namjibu vigae.

Chagua kigae cha kaure kisichong'aa, au sleti. Kinachong'aa kinateleza, na mjusi anayeteleza kila siku miguu inapanuka vibaya. Hapa Ulaya vigae hupimwa utelezi kuanzia R9 hadi R13, na namba hiyo utaikuta kwenye boksi. Mimi nilitumia R10. Vya namba za juu sana, vile vya pembeni mwa mabwawa ya kuogelea, vina meno yanayokwaruza tumbo. Njia rahisi ya kujaribu dukani: chukua soksi ya nailoni, ipitishe juu ya kigae. Ikinasa na kutoa nyuzi, achana nacho.

Tangi letu ni sentimita 90 kwa 45. Nilipata vigae viwili vya 45 kwa 45 vilivyobaki kwenye bafu la mteja mmoja, naye akaniruhusu kuvichukua. Kwa kuwa kioo kina unene wake, ndani ni padogo kidogo kuliko kipimo cha nje, kwa hiyo usiamini namba ya dukani. Kata kielezo cha boksi, kiingize, kikikaa vizuri ndipo ukate kigae kwa kukifuata. Acha nafasi ya milimita 2 pembeni zote. Kigae kilichobana kinaweza kupasua kioo siku ukikigonga. Kama huna mashine, maduka mengi ya vigae yatakukatia, au tumia vigae vidogo ambavyo havihitaji kukatwa. Ukikata mwenyewe, kata kwa maji na uvae barakoa. Vumbi la kaure si la kuvuta.

Halafu piga msasa kingo. Hatua hii watu huiruka. Ukingo wa kaure uliokatwa ni wembe, na mjusi hupenya kila upenyo kwa tumbo. Nilizisugua kwa jiwe la kunolea lenye maji mpaka nikaweza kupitisha ncha ya kidole gumba bila kuhisi kitu.

Usitie saruji ya vigae wala grauti ya kujaza mianya. Laza vikavu juu ya karatasi mbili za jikoni, vitatulia. Kama pembeni pana mwanya wa chenene kuingia, ziba kwa silikoni ya matangi ya samaki. Silikoni ya bafuni hapana, kwa sababu hutiwa dawa ya kuua ukungu. Silikoni ikikauka hunuka kama siki. Ngoja saa 48, na kama bado unasikia siki, ngoja tena.

Kigae cha milimita 8 au 9 kinapitisha joto la mkeka vizuri sana. Weka kihisio cha themostati juu ya kigae, ndani ya maficho ya upande wa joto, si chini ya tangi. Kuna jambo moja linanifurahisha kila jioni: taa ya mchana ikizimwa, kigae kinabaki na joto lake kwa muda, na hapo ndipo Bizari anapotoka, anajilaza bapa, kidevu chini, miguu yote minne imepanuliwa. Nyumbani kwao wanafanya hivyohivyo juu ya mawe machweo.

Ubaya wa vigae ni mmoja: hachimbi. Na anahitaji kuchimba. Chukua boksi la chakula la plastiki lenye kifuniko, toboa mlango ubavuni, lainisha kingo kwa msasa, jaza kuvumwani (moss) yenye unyevu au udongo wenye unyevu. Humo atachimba, na humo atajivua ngozi bila vipande kubaki kwenye vidole. Kama ni jike, ujue anaweza kutaga mayai yasiyo na kitu hata kama hajawahi kuona dume, na bila mahali pa kufukia anahangaika vibaya.

Udongo wa kushindilia

Mwaka 2023, Bizari akiwa mzima kabisa, gramu 62, mkia mnene, nikamjengea sakafu ya udongo. Hii ni kazi ya mikono, na mimi niliifurahia kuliko vigae, maana ilinirudisha Muheza kwa bibi, kwenye kusiriba na kushindilia.

Kipimo ni 7 kwa 3: makopo saba ya udongo, matatu ya mchanga. Udongo ni ule wa mifuko wa kuwekea nyasi bustanini, usio na mbolea, usio na dawa za wadudu, usio na zile punje nyeupe nyepesi zinazotiwa kwenye udongo wa miche. Mboji usinunue, inaoza na haishikani. Mchanga ni ule wa watoto wa kuchezea, uliooshwa, wenye chembe za mviringo. Mchanga wa ujenzi, huu ninaoshinda nao kutwa, una kingo kali na wakati mwingine una chumvi na uchafu, hapana.

Kwa tangi la 90 kwa 45, kina cha sentimita 7, unahitaji lita 28 zikishashindiliwa. Nunua lita 35 kwa sababu vinashuka. Uzito utafika kilo 40 au zaidi, kwa hiyo angalia kwanza meza. Nilibadilisha yetu.

Udongo upitishe kwenye chekecheke, toa vijiti na mawe ya ukubwa wa kumezeka. Changanya ukiwa mkavu, halafu nyunyiza maji kidogo kidogo huku unageuza. Kujua kama umefikia, funga ngumi ya udongo. Ukifungua, donge libaki limesimama na alama za vidole, na lisitoe tone. Likimwagika ongeza maji. Likitoa maji ongeza udongo mkavu.

Sasa sikiliza hili kuliko yote: mawe mazito yanatangulia. Weka jiwe la kuotea joto na mawe ya maficho moja kwa moja kwenye kioo cha chini, yatulie, yasukume uone kama yanacheza, ndipo umwage udongo kuyazunguka. Ukiweka jiwe juu ya udongo, siku moja atachimba chini yake nalo litamshukia.

Mwaga tabaka la sentimita 2 au 3, shindilia kwa kipande cha mbao, tena mwaga, tena shindilia. Usimwage zote mara moja, maana juu patakuwa pagumu na chini patabaki unga. Tabaka la mwisho nilinyunyiza maji nikapitisha mwiko, kama ninavyomaliza sakafu, halafu nikapaharibu kidogo kwa vidole ili kucha zipate pa kushika.

Kisha acha pakauke, taa imewaka, kifuniko wazi. Kwangu zilikuwa siku tisa. Usimrudishe siku ya nne kwa sababu mtoto amekuomba. Udongo mbichi chini ya taa huota ukungu, na hewa ya tangi lake inatakiwa kuwa kavu, unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Jaribu kwa kidole gumba: bonyeza kwa nguvu. Pasipobonyea, pakwaruze kwa ufunguo. Ikitoka mikwaruzo na vumbi kidogo tu, iko tayari. Ikitoka konzi ya mchanga, mchanga umezidi: rudia.

Kwenye sakafu hii mkeka wa chini haufai. Udongo unazuia joto, na kioo chini yake kinaweza kupata moto kupita kiasi. Joto litoke juu, taa yenye themostati ikielekea lile jiwe bapa. Na mlishe kwa koleo au kwenye bakuli lenye kingo laini, ili asikokote udongo kila anapodaka.

Usivyotakiwa kuviweka

Mchanga wa kalsiamu, nimeshasema. Maganda ya jozi yaliyosagwa: yana ncha. Maranda ya msonobari na mwerezi: harufu yake nzuri ni mafuta yanayodhuru reptilia. Kokoto ndogo: kila jiwe liwe kubwa kuliko kichwa chake au lisiwepo. Mchanga mtupu, hata ulioghali. Zulia la reptilia linauzwa sana. Nyuzi zake zikichomoka hukaba vidole hadi vinakatika, na uchafu unajificha ndani hata ukifua. Kitu chochote chenye gundi upande mmoja, hasa utepe, usikaribishe kabisa. Ngozi yao ikinasa, inachunika.

Usafi

Mjusi chui huchagua kona moja ya choo na habadiliki, ni heshima kubwa kwa anayesafisha. Kwenye vigae weka karatasi kona hiyo, toa kila siku, na mara moja kwa wiki futa sakafu yote kwa dawa ya wanyama watambaao kisha kwa maji. Kwenye udongo chota kinyesi na kijiko kimoja cha udongo ulio chini yake, jaza pengo. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni; reptilia hubeba salmonela hata wakiwa wazima. Mdogo wake binti yangu alikuwa na miaka mitatu wakati huo, hakuruhusiwa kumgusa.

Ukiona hajaenda choo siku nyingi kuliko kawaida yake, tumbo limejaa, amekataa chakula, pana kivuli cheusi au cha buluu tumboni, au anajikamua bila kutoa kitu: toa tandiko lote, weka karatasi, pima joto, na piga simu kwa daktari aliyezoea reptilia siku hiyohiyo. Unaweza kumkalisha kwenye maji ya nyuzi 30 yasiyovuka mabega yake kwa dakika 15, ukiwa umesimama hapo. Usimnyweshe mafuta kwa bomba la sindano, yanaweza kuingia mapafuni.

Bizari sasa ana handaki lake chini ya sleti ya upande wa baridi, urefu wa kiganja changu. Kila baada ya miezi mitatu hivi mlango wake unalegea na kumwagika. Namtoa, nanyunyiza maji, nashindilia kwa kile kile kipande cha mbao, nawasha taa pakauke, namrudisha. Usiku huohuo tunasikia kucha zimeanza tena palepale.